Jua na Mwezi Katika Burji Moja: Jinsi ya Kuusoma Mkutano Huu kwa Unajimu wa Veda

Takriban mtu mmoja kati ya kumi na wawili amezaliwa wakati Jua na Mwezi viko katika burji moja. Mwezi hulipita Jua kila baada ya siku 29 na nusu, na kila burji huimaliza kwa siku mbili na robo hivi, kwa hiyo mkutano huu si kitu cha nadra. Hata hivyo wanafunzi wengi wa Jyotisha, yaani unajimu huo wa Veda, wakiuona kwenye chati hukimbilia neno moja, Amavasya (giza la mwisho wa mwezi), kisha hukumu inafuata: akili dhaifu, mama mwenye shida, mkosi wa kuzaliwa gizani. Ukipiga hesabu utakuta kwamba kati ya watu watatu wenye mkutano huu, ni mmoja tu aliyezaliwa kwenye tithi (siku ya mwezi mwandamo) ya Amavasya. Wawili waliobaki wamehukumiwa kwa kesi isiyo yao.

Kuwa katika burji moja hakutoshi kusema lolote. Kinachosema ni pengo kati ya mianga hii miwili, Mwezi uko upande gani wa Jua, na nyumba ambazo kila mmoja unazitawala kwa lagna ya mtu huyo, yaani burji iliyokuwa ikichomoza alipozaliwa, ambayo ndiyo nyumba ya 1 kati ya 12. Fuata mpangilio huo huo.

Kwanza, namba zenyewe

Unahitaji tarehe, saa na mahali pa kuzaliwa, kisha longitudo za sayari zote pamoja na Rahu na Ketu (mafundo mawili ambapo njia ya Mwezi hukata njia ya Jua), kwa nyuzi na dakika. Chati inayoonyesha majina ya buruji bila nyuzi haifai kwa kazi hii. Weka programu yako kwenye ayanamsha (tofauti kati ya buruji za Magharibi na za Veda) ya Lahiri, ile inayotumiwa na kalenda ya taifa ya India tangu 1957, isipokuwa kama umefundishwa nyingine na unajua sababu yake. Tarehe 1 Januari 2000 ayanamsha hii ilikuwa karibu 23°51', nayo huongezeka kwa sekunde 50 hivi za tao kila mwaka.

Ukisahau kuitoa, buruji zote zinaharibika. Jua lililo 10° ya Simba kwa hesabu ya Magharibi linarudi hadi karibu 16° ya Kaa kwa hesabu ya Veda. Lakini pengo kati ya Jua na Mwezi halibadiliki, kwa sababu kiasi kilekile kimetolewa pande zote mbili. Tithi ya kuzaliwa ni ileile kwa ayanamsha yoyote. Ndiyo maana ni vizuri kuanzia hapo: ni msingi usioyumba.

Saa ya kuzaliwa inadai uangalifu zaidi. Kosa la kwanza kwetu ni la lugha. Mtu anakwambia amezaliwa "saa mbili usiku", nawe unaandika 02:00 badala ya 20:00. Kosa hilo la saa kumi na nane linausogeza Mwezi karibu nyuzi 10, na mkutano mzima unaweza kutoweka au kuzuka pasipokuwepo. Uzuri ni kwamba Jua lenyewe linakupa njia ya kuhakiki. Aliyezaliwa Jua likichomoza, Jua liko kwenye nyumba ya 1. Aliyezaliwa adhuhuri, liko nyumba ya 10 au jirani yake. Wa machweo, nyumba ya 7. Wa usiku wa manane, nyumba ya 4. Baada ya kuchomoza, Jua hupanda kuelekea nyumba ya 12, kisha ya 11. Chati ikionyesha Jua nyumba ya 4 kwa mtu aliyezaliwa mchana, acha kila kitu, rekebisha saa kwanza.

Kosa dogo, la saa moja tu, huusogeza Mwezi kama dakika 33 za tao. Tithi mara nyingi haitaguswa. Lagna itahama karibu nusu ya burji, na dasha (vipindi vya maisha vinavyotawaliwa na sayari, vinavyohesabiwa kutoka manzili ya Mwezi) zitateleza: manzili moja ni dakika 800 za tao, kwa hiyo dakika 33 ni asilimia nne na ushei ya kipindi cha kwanza. Kama kipindi hicho ni cha Zuhura, cha miaka 20, tarehe zako zote zimekosea kwa karibu miezi kumi.

Pima pengo

Geuza nafasi zote mbili ziwe nyuzi kamili kuanzia 0° ya Punda. Toa Jua kwenye Mwezi. Jibu likiwa hasi, ongeza 360. Gawanya kwa 12, chukua namba nzima, ongeza moja: hiyo ndiyo namba ya tithi kati ya 30.

Kwa kuwa Jua na Mwezi viko burji moja, jibu lako lazima liangukie moja ya nafasi hizi (Krishna ni Mwezi unaopungua, Shukla ni unaokua):

- 330° hadi 336°: Krishna Trayodashi, nusu yake ya mwisho
- 336° hadi 348°: Krishna Chaturdashi
- 348° hadi 360°: Amavasya
- 0° hadi 12°: Shukla Pratipada
- 12° hadi 24°: Shukla Dwitiya
- 24° hadi 30°: Shukla Tritiya, nusu yake ya kwanza

Mstari mkubwa uko katikati ya orodha. Juu yake Mwezi uko nyuma ya Jua, unakongoroka, unaelekea kumezwa. Chini yake Mwezi umeshalipita Jua na unajitoa. Watu hawa wawili si wamoja. Mwezi ulio nyuma hutoa akili inayoelekea ndani: mtu wa kumalizia mambo, kufukua, kufanya kazi pasipoonekana, ambaye furaha yake haitegemei sana kupigiwa makofi. Udhaifu wake ni kuchoka kabla ya mwisho na kuachia mapema. Mwezi ulio mbele hutoa mwanzilishi: anaondoka kabla hajajua anakoenda, anajifunza njiani, na huchukia kuelekezwa. Pengo likizidi 12° upande huu, Mwezi huwa mara nyingi umeshaandama, na mambo mengi yanayosemwa kuhusu giza hayamhusu tena.

Karana, yaani nusu ya tithi yenye nyuzi 6, inafaa kutazamwa hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu karana nne zisizojirudia katika mwezi mzima zote zimejikusanya hapa: Shakuni (342° hadi 348°), Chatushpada (348° hadi 354°), Naga (354° hadi 360°) na Kimstughna (0° hadi 6°). Tatu za kwanza huepukwa katika kuchagua siku ya kuanza jambo. Katika chati ya kuzaliwa zichukue kama rangi tu. Kimstughna ndiyo nyepesi kuliko zote.

Mwanga mdogo, adhabu moja

Nguvu ya Mwezi itokanayo na mwanga wake, paksha bala, hupatikana kwa kugawanya pengo kwa 3 (likizidi 180°, litoe kwanza kwenye 360). Mwezi mpevu, wenye pengo la 180°, hupata virupa (vipimo vya nguvu) 60. Kwa pengo la 6° unapata 2. Kwa 24° unapata 8. Wapo wanaoiongeza maradufu kwa Mwezi, lakini hata hivyo ni kidogo ukikumbuka kwamba jumla ya shadbala (nguvu zote sita za sayari) inayotakiwa kwa Mwezi ni virupa 360. Maana yake ni mbili: kipengele hiki peke yake hakiwezi kuuangusha Mwezi wenye nguvu nyingine, wala hakiwezi kuubeba Mwezi usio na kitu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaupunguzia Mwezi kwa sababu ya giza, kisha wanaupunguzia tena kwa sababu "umeungua", kwani mpaka wa kuungua kwa Mwezi ni 12° kutoka kwa Jua. Ni kosa lilelile limehesabiwa mara mbili: Mwezi kuungua na Mwezi kuwa gizani ni tukio moja. Hesabu mara moja. Na usitafute vita vya sayari hapa. Jua na Mwezi havipigani, na kwa asili ni marafiki.

Jua, kwa upande wake, halipotezi kitu. Linahesabiwa kati ya sayari kali, na sayari kali hupata paksha bala zaidi giza linapozidi, kwa hiyo siku hizo za giza linakaribia virupa 60 kamili. Tafsiri ya msingi inatoka hapa: nia inaitangulia hisia. Mtu anataka kitu, na moyo unafuata nyuma ya kutaka huko. Aliyezaliwa mwezi mpevu hujiona kupitia macho ya wengine, maana Jua na Mwezi vyake vinatazamana. Huyu wetu hana kioo hicho. Nguvu yake ni kutogawanyika. Tatizo lake ni kwamba hajui anavyoonekana, na hushangaa akiambiwa amekuwa mkali. Kwa wazazi, ambao ndio Jua na Mwezi nyumbani, mara nyingi utakuta sauti ya baba, au ya yeyote aliyeshika nafasi hiyo, imeifunika ya mama. Usiseme zaidi ya hapo kabla ya kutazama nyumba ya 4 na ya 9.

Inafaa kukumbuka kwamba Varahamihira, mnajimu wa karne ya 6, alipoueleza mkutano huu hakutaja udhaifu wa akili. Alisema unamzaa fundi wa mitambo na kazi za mawe. Ni picha nzuri ya nia isiyokengeuka: mtu anayeweza kukaa na kitu kigumu mpaka kikubali.

Burji gani

Hapa pita upesi, maana buruji chache tu ndizo zinazobadilisha hukumu. Katika Punda, Jua liko kileleni (kilele chenyewe ni 10°), kwa hiyo nia inatawala kabisa. Katika Ng'ombe, Mwezi uko kileleni (3°) ingawa Jua liko kwa adui yake Zuhura. Hapa hisia zinaweza kuhimili mkutano hata pengo likiwa dogo. Kaa ni nyumbani kwa Mwezi, Simba nyumbani kwa Jua, na kote huko mwenyeji anampokea rafiki. Mbuzi na Ndoo ni za Zohali, adui wa Jua: juhudi nyingi, sifa zinachelewa.

Mizani na Nge ndizo zinazotaka kazi. Mizani ni mporomoko wa Jua, na kila mwaka Amavasya ya Diwali huangukia humo. Mtu mwenye mkutano huu ana Mwezi wenye giza pamoja na Jua lisilo na sauti, na hujikuta akiomba ruhusa kwa mambo yaliyo haki yake. Tafuta kuvunjika kwa mporomoko, nicha bhanga. Zuhura, mtawala wa Mizani, haliachi Jua zaidi ya nyuzi 48 hivi, kwa hiyo ukihesabu kutoka kwa Mwezi, kendra (nafasi ya 1, 4, 7 au 10) pekee linaloweza kufika ni burji hiyohiyo. Zuhura likiwa humo, mporomoko umevunjika. Likiwa burji nyingine, angalia kama liko kendra kutoka lagna, au kama Mirihi, mtawala wa Punda ambako Jua hupata kilele, iko kendra. Katika Nge ni Mwezi unaoporomoka, nao una njia nyingi zaidi, kwa sababu Mirihi inayotawala Nge huzunguka popote.

Nyumba wanazotawala

Hii ndiyo sehemu inayotenganisha msomaji mzuri na mbaya. Jua linatawala Simba tu, Mwezi unatawala Kaa tu, na buruji hizo zinafuatana. Hesabu kutoka lagna mpaka Kaa: hiyo ni nyumba ya Mwezi. Inayofuata ni ya Jua. Kwa lagna ya Simba pekee hesabu inavuka mwisho, Mwezi ukipata ya 12 na Jua ya 1.

Lagna ya Nge ndiyo yenye bahati kuliko zote. Mwezi unatawala nyumba ya 9, Jua ya 10, na kukutana kwa watawala hao wawili ni raja yoga (muungano wa sayari unaoleta cheo) ya daraja la juu, dharma-karmadhipati. Mwezi ukiwa na giza, yoga haifutiki. Inachelewa na inakuja na uchovu. Lagna ya Punda inafuata, kwa watawala wa 4 na 5, kendra na trikona (nyumba ya 1, 5 au 9). Ukimtishia mtu wa lagna hizi mbili kwa neno Amavasya umesoma chati juu chini.

Kwa Mizani ni watawala wa 10 na 11, kazi na mapato kwenye mfereji mmoja. Kwa Kaa, 1 na 2: mwili, kauli na mali vinashikana, na mtu huyu husema anachokihisi kabla hajakipima. Kwa Mapacha, 2 na 3, mkono na mdomo. Hupendelea biashara na uandishi. Ng'ombe, 3 na 4, ni wa kati.

Lagna ya Mshale huleta watawala wa 8 na 9 pamoja. Usiogope: kanuni ya kale inasema Jua na Mwezi haviguswi na doa la kutawala nyumba ya 8. Soma badala yake bahati inayopitia mabadiliko, urithi, au mwalimu mwenye elimu iliyofichika. Kanuni hiyohiyo inamkinga wa lagna ya Mbuzi, mwenye 7 na 8, ingawa ndoa yake bado itabeba siri fulani za fedha au za familia. Ndoo ina 6 na 7: mabishano ndani ya ushirika, mikataba isomwe mara mbili. Samaki ina 5 na 6: akili inayochemka kwenye mashindano. Mashuke ina 11 na 12, mapato yenye tundu. Kwa Simba, mtawala wa nafsi yuko na mtawala wa 12, na utaona mtu anayejitumia mpaka kuisha, au anayefanikiwa mbali na alikozaliwa.

Nyumba wanamokaa

Kumbuka kwamba mianga yote miwili inatazama nyumba ya saba tu kutoka ilipo. Hakuna mtazamo wa ziada.

Nyumba ya 10 na ya 4 zinavuta kwa pande tofauti. Jua lina nguvu kamili ya mwelekeo, dik bala, katika nyumba ya 10, na hapohapo ya Mwezi ni sifuri. Katika ya 4 ni kinyume chake. Hivyo mkutano wa nyumba ya 10 humpa mtu cheo anachokiona kila mtu huku maisha ya ndani yakibaki na njaa, na dalili yake ni mtu asiyejua kupumzika siku ya mapumziko. Mkutano wa nyumba ya 4 humtuliza moyo lakini huifanya kazi kuwa jambo la nyumbani, la ardhi, la elimu ya faragha. Hapa Mwezi, mwakilishi wa mama, uko gizani ndani ya nyumba ya mama, basi tazama mtawala wa nyumba ya 4 aliko kabla ya kufungua kinywa.

Katika nyumba ya 1 kila kitu cha mkutano kinaonekana usoni. Katika ya 7, mwenzi ndiye anayebeba Jua, na mianga yote inaiangalia lagna. Mtu huchagua mwenzi mwenye amri kisha humlalamikia kwa amri hiyohiyo. Nyumba za 5 na 9 ni nzuri, hasa kwa elimu na kwa uhusiano na baba. Za 3, 6 na 11 hukua kadiri umri unavyosogea. Za 8 na 12 zinataka msaada wa sayari nyingine, hasa Mshtarii.

Majirani

Anza na Rahu na Ketu. Watu husema "grahana yoga", yoga ya kupatwa, kila wanapoona Rahu katika burji ya mkutano, lakini kupatwa kwa Jua kuna mipaka yake. Mwezi mwandamo ukitokea ndani ya 15° hivi kutoka kwenye fundo, lazima Jua lipatwe mahali fulani duniani. Ukitokea zaidi ya 18° na nusu, haliwezi kupatwa. Na lazima pengo la Jua na Mwezi lenyewe liwe karibu na sifuri wakati wa kuzaliwa. Rahu iko 27°, Jua 4°, Mwezi 20°? Hakuna kupatwa hapo. Kuna wasiwasi wa Rahu juu ya Mwezi, uliotengana na fundo kwa 7° tu, na usomwe hivyo.

Mshtarii ndiyo dawa inayotajwa daima, lakini tazama inatokea wapi. Ikikaa ndani ya burji hiyohiyo chini ya 11° kutoka kwa Jua, nayo imeungua, na msaada wake unakuwa wa nia njema zaidi kuliko wa vitendo. Mshtarii inayotazama kutoka mbali, yaani mkutano uko nyumba ya 5, 7 au 9 kutoka kwake, husaidia zaidi. Ikiwa mkabala kabisa, inaunda pia gajakesari, yoga njema ya Mshtarii na Mwezi, kwa kuwa iko kendra kutoka kwa Mwezi.

Zohali ikitazama (kwa nyumba ya 3, 7 au 10 kutoka ilipo) huongeza ukavu na nidhamu kwa pamoja. Utaridi haitoki zaidi ya 28° kutoka kwa Jua, kwa hiyo huwa burji hiyohiyo au jirani yake. Jambo hili lina faida iliyosahaulika: kemadruma, upweke wa Mwezi usio na sayari ya 2 wala ya 12 kutoka kwake, hailihesabu Jua. Lakini Utaridi na Zuhura, kwa kushikamana na Jua, mara nyingi huangukia hizo nyumba mbili na kuuvunja upweke huo.

Manzili, navamsha na majira

Tazama kama mianga iko kwenye manzili moja (nakshatra, 13°20') na pada moja (3°20'). Pada moja maana yake watakuwa pamoja hata kwenye navamsha (chati ya pili inayogawa kila burji sehemu tisa), na yote yaliyosemwa juu yanakaza. Pada tofauti, wanatengana huko, na mara nyingi ndoa au umri wa baadaye humpa mtu ile nafasi kati ya nia na hisia aliyoikosa utotoni.

Kwa majira, mfumo wa Vimshottari una kitu cha pekee hapa: dasha ya Jua ya miaka 6 hufuatwa moja kwa moja na ya Mwezi ya miaka 10. Mkutano huu basi huamka kwa miaka 16 mfululizo. Ndani yake kuna miezi sita ya Jua-Mwezi (antardasha, yaani kipindi kidogo, cha Mwezi ndani ya dasha ya Jua) karibu na mwanzo, na miezi sita ya Mwezi-Jua mwishoni kabisa. Jambo la kuuliza ni miaka hiyo 16 inamkuta mtu akiwa na umri gani.

Kuhusu tiba: maji kwa Jua linapochomoza, na tarpana (sadaka ya maji) kwa wahenga siku ya Amavasya, kwa kuwa tithi hiyo ni yao. Vito ni suala jingine. Lulu na yakuti nyekundu visivaliwe pamoja kwa sababu tu "Jua na Mwezi viko pamoja". Kito hukuza nyumba inayotawaliwa, na kumvalisha lulu mtu wa lagna ya Ndoo ni kulisha nyumba ya 6. Na hukumu juu ya uhai wa mzazi au ugonjwa wa akili haitolewi kwa mkutano huu, kwa yeyote, kamwe.

Mfano mmoja, mara mbili

Lagna Nge. Jua 14°20' Simba, Mwezi 6°05' Simba, vyote nyumba ya 10. Mshtarii iko Ndoo, nyumba ya 4. Rahu na Ketu ziko mbali.

Mwezi uko nyuma kwa 8°15', pengo ni 351°45'. Gawanya kwa 12: 29.3, yaani tithi ya 30, Amavasya, karana ya Chatushpada. Paksha bala ni 2.75 tu. Mwezi hauna dik bala. Hadi hapo mtu mwenye haraka ameshatoa pole. Endelea: ni watawala wa 9 na 10 ndani ya nyumba ya 10, Jua nyumbani kwake na likiwa na dik bala, Mshtarii inautazama mkutano kutoka mkabala. Kwenye navamsha, Mwezi unaangukia Ng'ombe, kileleni. Jua linarudi Simba, vargottama (burji ileile kwenye chati zote mbili). Manzili ya Mwezi ni Magha, ya wahenga, sawa na tithi yake. Mtu huyu atashika madaraka yenye asili ya ukoo au taasisi kongwe, na atayashika vizuri zaidi nyuma ya pazia kabla ya kuonekana. Dasha ya kwanza ni ya Ketu, ikibaki miaka 3, miezi 9 na siku 20. Zuhura inafuata, kisha Jua linaanza akikaribia miaka 24 na Mwezi unamalizia akikaribia 40. Miezi sita ya Jua-Mwezi inaanza akiwa na miaka 24 na mwezi mmoja. Huo ndio mlango wa kwanza. Yoga imeamka wakati wa kazi.

Sasa acha lagna, burji, nyumba na Mshtarii vilevile. Badilisha nyuzi tu: Jua 3°40', Mwezi 24°30'. Pengo ni 20°50', Shukla Dwitiya, Mwezi umeshachomoza kwenye mwanga wake, paksha bala karibu 7. Yoga ni ileile, na kwa jicho la haraka chati hii ni bora. Lakini Mwezi uko Purva Phalguni pada ya 4, ambayo kwenye navamsha ni Nge, mporomokoni, na Jua linaangukia Ng'ombe kwa adui. Zuhura ya kuzaliwa imebakiwa na miaka 3 na miezi 3. Jua linaanza hapo na kuisha mtoto akiwa na miaka 9 na miezi 3; Mwezi unaisha akiwa na 19 na miezi 3. Miaka yote 16 ya raja yoga imepita akiwa mwanafunzi. Matunda yake yasomwe kwanza kwa baba na kwa jina la familia katika miaka hiyo, na kwake mwenyewe yatafutwe kwenye antardasha za Jua na Mwezi ndani ya dasha za Mirihi, Rahu na Mshtarii zinazofuata.